Athens Wana Acropolis, Sisi Tuna Kakapel: Basi Mwenyeji ni Nani?

Yuro 5,000. Hiyo ndiyo bei ambayo serikali ya Ugiriki iliweka, kuanzia Aprili 2024, kwa kikundi cha watu wasiozidi watano wanaotaka kutembezwa Acropolis wakiwa peke yao. Acropolis ni kile kilima cha mawe chenye mahekalu ya kale katikati ya jiji la Athens. Ukilipa hiyo pesa, mnaingia kabla watu wengine hawajafunguliwa asubuhi, ama baada ya wote kutolewa jioni. Ni nyinyi, mwongozaji wenu na mawe. Badilisha hizo yuro ziwe shilingi za Kenya na unapita laki sita. Laki sita za kuangalia nguzo, na nyingi zimevunjika!

Kabla hujacheka, jua kwamba wanaoingia kwa tiketi ya kawaida ni wengi mpaka mwaka 2023 Wagiriki walilazimika kuweka kikomo: wageni 20,000 kwa siku, wakiisha wameisha.

Sasa geuka uangalie kwetu. Mtu wa Nairobi akisikia Malaba ama Busia, picha inayomjia ni moja tu: foleni ya malori, watu wa forodha, wabadilishaji pesa na boda zilizobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Moding hata haimjii kichwani. Hujawahi kusikia msee akisema, "Wikendi hii twende Malaba tukaone mambo ya kale." Na bado, kaskazini mwa foleni hiyo ya malori, kwenye milima ya Chelelemuk, kuna mwamba unaoitwa Kakapel. Chini ya mwamba huo watu walikuwa wakiishi miaka 9,000 iliyopita.

Parthenon, lile hekalu kubwa la Acropolis ambalo kila mtu hupiga nalo picha, lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK. Piga hesabu. Watu wa Kakapel walimtangulia fundi wa kwanza wa Parthenon kwa zaidi ya miaka 6,000.

Lakini sikuandika hii ili tushindane na Wagiriki nani ana vitu vya zamani zaidi. Nataka nikutembeze sehemu zote mbili, bila yuro hata moja, kwa sababu kila moja inajibu swali ambalo sisi watu wa mpakani tunaulizwa tangu tuzaliwe: mwenyeji ni nani? Na majibu yao yanapingana kabisa.

Tuanze na Athens

Ukipanda Acropolis, Parthenon ndiyo inayokuvuta kwanza. Ni ya mungu wao wa kike Athena, na ilijengwa enzi za kiongozi aliyeitwa Pericles, wakati Athens ilikuwa na pesa na jeuri. Piga picha yako, kisha twende upande wa kaskazini wa kilima. Hapo kuna hekalu dogo zaidi linaloitwa Erechtheion, lile lenye sanamu za wanawake sita waliobeba paa vichwani kama nguzo. Wanaosimama hapo leo ni nakala. Asilia wako ndani ya makumbusho, na mmoja wao yuko London.

Erechtheion ndiyo inayonihusu, kwa sababu ya hadithi iliyo nyuma yake. Waathene waliamini kwamba mfalme wao wa mwanzo hakuzaliwa na mama kama wewe na mimi. Alitoka ardhini. Udongo wenyewe wa Athens ndio uliomzaa. Kwa hivyo, walisema, sisi hatukuja kutoka mahali popote. Wagiriki wengine wote walihama kutoka huku na kule, lakini sisi tumeota hapa kama mti.

Unaskia hiyo? Ni ile lugha ya "sisi ndio wenye hapa, nyinyi ni wa kuja", lakini imejengewa hekalu la marumaru.

Na haikubaki hadithi tu. Mwaka 451 KK, Pericles alipitisha sheria: ili uhesabiwe kuwa raia wa Athens, lazima baba na mama yako wote wawe Waathene. Kabla ya hapo baba alitosha. Ukizaliwa na baba Mwathene na mama kutoka mji jirani, basi pole, wewe si wetu. Kuna utani mkali hapo, kwa sababu Pericles mwenyewe baadaye alipata mtoto na Aspasia, mwanamke kutoka Miletus, ng'ambo ya bahari. Tauni ilipowaua watoto wake wengine wa kiume, alibaki akiwaomba Waathene wamkubali huyo mtoto kuwa raia. Aliyetunga sheria alinaswa nayo nyumbani kwake.

Ukishuka kilimani, unafika Agora, uwanja wa soko na siasa. Hapo ndipo utakutana na wale ambao hadithi ya udongo haikuwataka. Waliitwa metoikoi, yaani watu waliohamia. Walikuwa wafinyanzi, wafua vyuma, wenye maduka, mabenki na shule. Mwanamume wa aina hiyo alilipa kodi ya drakma 12 kila mwaka kwa sababu tu yeye ni wa kuja. Alipigana vita vya mji, lakini hakuruhusiwa kupiga kura, na bila kibali maalumu hangeweza kumiliki ardhi. Hata kama alizaliwa Athens. Hata kama baba yake alizaliwa Athens.

Mmoja wao unamjua. Aristotle, yule ambaye walimu wa shule hawachoki kumtaja, alizaliwa Stagira, kaskazini mwa Ugiriki. Aliishi Athens miaka mingi, akafungua shule pale, na jina la mji likazidi kung'aa kwa sababu yake. Lakini hakuwa raia. Leo Athens inajivunia mtu ambaye enzi zake haikumpa kura.

Shika hiyo hadithi ya udongo. Tutairudia.

Sasa panda boda

Ukitoka Malaba unaelekea kaskazini, ule upande Mlima Elgon unaonekana ukiwa umejilaza. Unaacha malori nyuma, unaacha kelele za "Kampala, Kampala, mmoja wa Kampala". Mashamba yanaanza, halafu mawe. Sisi wa Moding tumekua tukiona mawe makubwa mpaka hatuyaoni tena. Yamekaa tu mashambani kama ng'ombe waliolala.

Kakapel ni jiwe la aina hiyo lenye paa. Mwamba umejitokeza mbele ukafanya kivuli kikubwa, mahali unapoweza kujikinga mvua wewe na ukoo wako wote. Ni turathi ya taifa, iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hakuna nguzo wala sanamu za wanawake. Ni mwamba, ardhi, na ukuta wenye rangi.

Kituo cha kwanza ni huo ukuta. Kuna michoro mekundu na meupe. Utaona duara, nyingine ziko ndani ya nyingine kama maji uliyotupia kokoto. Utaona pia ng'ombe wenye pembe ndefu. Jambo la kuangalia ni kwamba michoro imepandiana: mtu alikuja akakuta kazi ya mwenzake, naye akachora juu yake. Wataalamu wa michoro ya miambani wanazihusisha duara na wawindaji na wakusanyaji wa kale, watu wenye undugu na wale tunaowaita Watwa leo. Ng'ombe ni kazi ya watu waliofika baadaye wakiwa na mifugo.

Duara za namna hiyo haziko Kakapel peke yake. Ukivuka mpaka ukaenda mpaka Kumi, Uganda, utazikuta Nyero. Ukienda Ziwa Victoria, kisiwa cha Mfangano, utazikuta pia. Chora mstari wa kuunganisha hizo sehemu tatu na utaona unakata Kenya na Uganda bila kuomba ruhusa ya mtu. Waliochora hawakuwa na pasipoti, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza.

Kituo cha pili ni chini ya miguu yako. Hapa sasa ndipo Kakapel inakuwa hatari.

Kunde iliyoungua

Mwezi Julai 2024, jarida moja kubwa la sayansi la Uingereza, Proceedings of the Royal Society B, lilichapisha utafiti kuhusu Kakapel. Waliouongoza ni Steven Goldstein wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington kilicho St. Louis, wakiwa na wataalamu wetu wa Makumbusho ya Kitaifa, kama Emmanuel Ndiema na Christine Ogola.

Walichokuwa wakitafuta si dhahabu wala mafuvu. Walitafuta chakula kilichoungua. Njia yenyewe hata wewe unaweza kuielewa: unachimba udongo kwa tabaka, unautia kwenye maji, unakoroga. Udongo na mawe vinazama. Makaa na mbegu zilizoungua zinaelea. Unazikusanya, unazikausha, unaziangalia kwa darubini, halafu unazipeleka maabara zipimwe umri.

Mtu aliyeunguza mboga miaka elfu mbili iliyopita, pengine akagombezwa na mama yake, ndiye aliyetuachia historia. Mbegu mbichi ingeoza. Iliyoungua ilibaki.

Na hiki ndicho walichopata. Kunde, ya miaka takriban 2,300. Wakati utafiti unatoka, huo ndio ulikuwa ushahidi wa zamani zaidi wa kilimo cha mimea ya kupandwa katika Afrika Mashariki ya ikweta. Rudia polepole: si Nairobi, si Pwani, si Kampala. Ni Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia.

Sasa sikiza. Kunde si ya hapa. Ilianza kulimwa Afrika Magharibi, na watafiti wanafikiri ilifika kwetu kupitia Afrika ya Kati, wakati ambao watu wenye kuzungumza lugha za Kibantu walikuwa wanasambaa. Mtama ulikuja kutoka upande wa kaskazini mashariki, na ulikuwa umefika si chini ya miaka 1,000 iliyopita. Wimbi, huo ndio mtoto wa Afrika Mashariki yenyewe, na walipata mamia ya punje zake. Halafu wakapata kitu cha kushangaza: njegere iliyoungua lakini nzima kabisa. Njegere ya namna hiyo huenda inahusiana na ile inayolimwa Ethiopia.

Kwa hivyo kwenye kipande kimoja cha ardhi chini ya mwamba mmoja, una chakula cha magharibi, chakula cha kaskazini, na chakula cha hapahapa. Vyote vilipikwa Kakapel.

Angalia sahani yako leo. Mteso ataita majani ya kunde eboo, jirani yake Mluhya ataita likhubi, na kila mmoja atakuapia kwamba hiyo ni mboga ya jadi ya kwao. Wote wako sawa, na mboga yenyewe ni ya kuja. Ugali wa mahindi unaoita chakula chetu ni mgeni zaidi, maana mahindi yalitoka Amerika na kuvuka bahari miaka mia tano hivi iliyopita. Muhogo vilevile. Kati ya vyote vilivyo mezani, wimbi ndio unaoweza kusimama ukasema "mimi ni wa hapa". Na hata huo lazima mtu aliubeba kutoka mahali ukaletwa Kakapel.

Wakati kunde hiyo inaungua ilikuwa karibu na zama za Aristotle. Huku Athens, mgeni anafundisha mji ambao haumkubali. Huku Kakapel, mmea mgeni umeshaingia chunguni.

Na watu je?

Mtu anaweza kusema: sawa, mboga zilihama, lakini damu ni damu. Haya basi, twende kwa damu.

Kakapel kuna makaburi pia. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, na baadhi yao walizikwa hapa. Mmoja aliishi takriban miaka 3,900 iliyopita. Asili yake ilikuwa ya wawindaji na wakusanyaji wa Afrika Mashariki. Wengine walizikwa hapohapo baadaye sana, kati ya miaka mia chache na elfu moja hivi iliyopita, na wao walikuwa na asili nyingine, iliyo karibu zaidi na watu wa lugha za Kinailoti.

Maana yake nini? Maana yake, mwamba ni ule ule na ardhi ni ile ile, lakini waliolala chini yake hawakuwa ukoo mmoja uliokaa palepale tangu mwanzo. Wengine walitangulia, wengine wakafuata, wengine wakaoana, wengine wakapotea na kuacha duara ukutani. Wateso wenyewe, ambao leo ndio wengi eneo hili, ni ndugu wa Wakaramojong na Waturkana kwa lugha, na wazee wao wanasimulia safari kutoka upande wa Karamoja. Hakuna mzee wa Kiteso anayesema tuliota hapa. Wabukusu nao wana simulizi zao za safari, na Wasamia vilevile. Historia zetu za mdomo zimejaa kutembea. Ni sisi wa kizazi cha simu tunaozungumza kama Waathene.

Hii ndiyo tofauti. Erechtheion inasema: tulitoka ardhini, wengine wote ni wageni. Kakapel inasema: kila mtu alifika. Na Kakapel ina ushahidi unaopimika maabara, Erechtheion ina hadithi.

Babu yako alizaliwa wapi?

Kwa nini haya yanihusu mimi na wewe, na si maprofesa peke yao?

Kwa sababu kila msimu wa siasa kuna mtu hupanda juu ya gari na kipaza sauti na kutuambia nani ni mwenyeji na nani arudi kwao. Na kwa sababu kwa miaka mingi kijana wa mpakani akifikisha miaka 18 na kwenda kuchukua kitambulisho, alikuwa akiulizwa maswali ambayo binamu yake wa Nyeri hakuulizwa. Lete cha baba. Lete cha mama. Babu yako alizaliwa wapi? Una uhakika si Uganda? Wewe Kiswahili chako mbona hivi? Ulikuwa unasimama pale na karatasi zako, jua linawaka, ukijaribu kuthibitisha kwamba wewe ni wewe.

Baba na mama wote wawili. Si tumesikia hiyo mahali? Mwaka 451 KK.

Sasa nikupe kitu cha kumjibu anayeuliza kuhusu babu. Mpaka mwaka 1902, eneo letu lote lilikuwa ndani ya himaya ya Uganda chini ya Waingereza. Si Malaba na Busia peke yake. Kisumu ilikuwa Uganda. Naivasha ilikuwa Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda, ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda. Kisha tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza wakauhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia upande ambao baadaye ukaitwa Kenya. Hawakumwuliza mtu. Mstari ulihama, watu walibaki kwenye boma zao.

Kwa hivyo ukiulizwa kama babu wa babu yako alizaliwa Uganda, jibu la kihistoria ni: kama alizaliwa miaka michache tu kabla ya 1902, ndiyo. Na hivyo hivyo kwa babu wa babu wa mtu wa Kisumu, wa Kakamega, wa Naivasha. Tuwapange foleni wote?

Mstari huo una umri wa miaka 120 na kitu. Mpe Kakapel miaka 9,000. Mpaka ni mdogo sana, bana.

"Kwa hivyo unasema ardhi si ya mtu?"

Hapana, na nataka niliweke hili wazi kwa sababu najua kuna mtu amekunja uso. Cheti cha shamba ni cheti cha shamba. Kama baba yako alinunua ama alirithi ekari mbili, ni zake, na sheria iko. Serikali pia ina haki ya kujua raia wake ni nani. Sijasema mpaka ufutwe kesho. Hata ile ofisi ya pamoja ya mpakani iliyofunguliwa Busia mwaka 2018, ambapo nchi mbili zinakagua mzigo chini ya paa moja, ilikuwa kurahisisha mpaka, si kuuondoa.

Ninachosema ni kidogo zaidi lakini ni kigumu zaidi kupinga: hakuna mtu anayeweza kutumia historia ya hapa kumfukuza jirani yake. Akitaka kutumia sheria, atumie sheria. Akitaka kura, aombe kura. Lakini asiseme "tangu zamani". Zamani ya hapa inajulikana, iko chini ya mwamba, na haimuungi mkono.

Mwingine atasema Kakapel si mji, haina hata ukuta uliojengwa, utailinganishaje na Athens? Ni kweli, si mji. Sikulinganisha majengo. Nalinganisha kile ambacho mahali panakufundisha ukitembezwa vizuri.

Ukitembezwa vizuri

Hilo neno ndilo la mwisho ninalotaka tulizungumzie. Acropolis yenyewe, ukiondoa hadithi, ni magofu. Parthenon iligeuzwa kanisa, ikageuzwa msikiti, halafu mwaka 1687 jeshi la Venice likailipua kwa mzinga wakati Waturuki wameweka baruti ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 Lord Elgin akachukua sanamu nyingi akazipeleka Uingereza, na Wagiriki wanazidai mpaka leo. Kilichobaki ni mifupa ya jengo. Kinachofanya watu wapange foleni ni kwamba kwa miaka karibu elfu mbili kumekuwa na mtu wa kueleza. Katika karne ya pili baada ya Kristo, mtu aliyeitwa Pausanias alizunguka Ugiriki akiandika kila hekalu, kila sanamu na kila hadithi aliyoambiwa na wenyeji. Aliandika vitabu kumi, na cha kwanza kinaanzia Athens na maeneo yake. Wenyeji walikuwa na la kumwambia. Hiyo ndiyo siri.

Sisi tuna mwamba, tuna kunde, tuna mifupa, tuna utafiti uliochapishwa. Tulichopungukiwa ni wa kueleza. Malaba imejaa vijana werevu wanaozungumza Kiteso, Kiluhya, Kiswahili, Luganda na Kiingereza kabla ya chai ya saa nne, na kazi yao ni kukimbilia madirisha ya malori. Athens wangelia wapate waongozaji wenye lugha tano. Sisi tunao, wamekaa kwenye boda.

Kwa hivyo ukipata Jumamosi, nenda. Nenda na watu wanne, mchange mafuta. Mkifika, mtafuteni anayehusika na mahali, msiingie kama wezi. Mlipeni anayewatembeza, hata kama ni kijana wa rika lenu, maana kueleza ni kazi. Msiguse michoro, jasho la mkono linaila rangi. Msimwage maji ukutani ili picha itoke vizuri. Na tafadhali, usiandike jina lako wala la mpenzi wako kwenye mwamba. Waliochora duara walikuwa na la kusema, "Brayo alipita hapa" si la kusema, na kuharibu turathi ya taifa ni kosa kisheria.

Halafu ukirudi nyumbani, kabla hujapakia video, kaa na mzee mmoja. Muulize swali lile lile la ofisini, lakini kwa heshima: "Babu, sisi tulitoka wapi?" Usimkatize. Andika majina ya mito na milima anayotaja. Kisha muulize jirani wa kabila lingine swali hilo hilo, na uweke majibu yao mawili pamoja kwenye video moja. Nataka kuiona hiyo video kuliko ngoma yoyote mpya ya wiki hii.

Na siku ukiwa kwenye foleni ya kitambulisho na mtu nyuma yako aanze ya "hawa si wa hapa", muulize jana alikula nini. Akisema ugali kwa kunde, mwambie polepole: kunde imekaa Teso miaka 2,300, na ilikuja ikiwa mgeni.